Wasifu wa Asiye na Kaburi

Baba mdogo alinijia mjini mwezi wa Julai, bahasha ya kaki kwapani. Baada ya chai, na baada ya kuulizana hali za watu wa nyumbani mmoja mmoja, alinieleza kwamba ukoo umeazimia kumfanyia babu yake ukumbusho mkubwa huko Kiritiri, kwa mahema, fahali mmoja, mbuzi watano, kwaya mbili na mchungaji. Kwamba kaburi lake litajengwa kwa saruji na vigae vyeupe na kusimikwa msalaba. Na kwamba mimi, niliyetumia zaidi ya nusu ya umri wangu kufundisha fasihi, ndiye niliyeteuliwa kuuandika wasifu wake, utakaochapwa katika kijitabu na kusomwa mbele ya watu. Nilikubali upesi. Mwalimu aliyezoea kuombwa barua na hotuba hukubali kabla ya kufikiri. Ni baada ya kumsindikiza hadi kituo cha matatu, nikiwa njiani kurudi, nilipokumbuka kwamba mzee huyo, baba wa babu yangu, hana kaburi.

Hana, kwa sababu alifariki kabla utawala wa Waingereza haujawalazimisha Wambeere kuzika. Jambo hili huwashtua wanafunzi wangu kila ninapolitaja darasani, hasa wale watokao pwani na kandokando ya ziwa, nami huwaacha washtuke kidogo kabla ya kuendelea. Mgonjwa aliyeonekana kwamba hatapona alitolewa nje asije akaifia nyumba, na mwili wake ukapelekwa porini ukaachiwa fisi. Kwa ndugu zetu Wakikuyu, wazee wachache wenye mali na hadhi walizikwa. Wengine wote walikwenda kichakani. Mwili uliokata roho ulikuwa unajisi, na aliyeugusa hakurudi kati ya watu hivi hivi tu, pasipo kutakaswa. Mgeni aliyeyaona haya aliandika kwamba watu hawa hawawajali wafu wao. Alikosea, na kosa lake ni la kudhani kwamba heshima kwa mtu lazima ipitie kwenye mifupa yake. Mwili ulikwenda porini. Mtu mwenyewe alikwenda kwa ngoma.

Hapa msomaji wa Kiswahili atanitazama kwa mashaka, na ana haki. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, ni sherehe nzima. Katika lugha zetu za mlimani ngoma ni roho ya aliyekufa. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, alizieleza ngoma za Wakikuyu kwa mafungu matatu: za wazazi, za ukoo na za rika, na akasisitiza kwamba kushirikiana nazo si ibada ile apewayo Mungu, bali ni mazungumzo ya watu wa nyumba moja. Walimwagiwa pombe kidogo chini kabla walio hai hawajanywa, wakakatiwa kipande cha nyama. Kisha kanisa likaja, na neno likashushwa cheo: kanisani ngoma akawa shetani. Kwa hiyo mtoto wa Mbeere wa umri wangu alikua na maana tatu za neno moja. Nakumbuka siku mwalimu wetu wa shule ya msingi alipotusomea kwa Kiswahili kwamba ngoma zililia usiku kucha na watu wakafurahi. Tulitazamana kwa muda, na hapana aliyethubutu kuuliza.

Nimekuwa nikilirudia kosa la yule mgeni kwa namna nyingine. Mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilishuka Kiritiri na kinasasauti cha kuazima na kanda sita tupu kutafuta mbolezi za Wambeere. Nilikuwa nimesoma makala ya Mulokozi katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, nikayaelewa yale aliyoyasema juu ya muktadha na namna ya uwasilishaji, au nilidhani nimeyaelewa. Nilikuwa nimesoma pia Okot p'Bitek, aliyezikusanya katika Horn of My Love, mwaka 1974, nyimbo ambazo Waacholi huziimba na kuzicheza katika karamu ya kuhitimisha msiba. Iwapo Waacholi wanazo, na Waluo wanazo, na Waswahili wana tanzia za tangu enzi na enzi, Wambeere watakosaje? Nilikuwa na jedwali lenye visanduku, na kisanduku cha mbolezi kilinisubiri.

Nilianzia kwa bibi yangu mzaa baba. Lazima nieleze kwanza alivyokuwa akiniita. Mimi ni mwana wa kiume wa kwanza wa baba yangu. Kwa desturi yetu mwana huyo hupewa jina la baba wa baba yake, na kwa jina hilo huwa ni yeye hasa. Bibi aliniita mume wangu tangu nikiwa mchanga. Alininyima maziwa kwa kisingizio kwamba sikumletea nguo, aliwaambia majirani kwamba siku hizi nimekuwa mvivu wa kulima. Watu waliocheka walicheka kwa adabu, maana utani huo una mizizi. Basi nilipomwashia kinasasauti nikamuuliza ni nyimbo gani alizoimba babu alipofariki, alikitazama kile chombo, akanitazama mimi, akasema:

"Mume wangu, unataka kujua nilivyokulilia?"

Nikasema ndiyo.

"Mbona uko hapa?"

Kisha akainuka kwenda kuchochea moto. Kanda ile ninayo. Ina sauti ya kuni, ya kuku, na ya mlango, na baada ya hapo hakuna kitu hadi mwisho wa upande wa kwanza. Nilirudi chuoni na kuandika katika tasnifu yangu kwamba kipera cha mbolezi hakikustawi Mbeere kwa sababu ya miiko inayohusiana na maiti. Mtahini alipendezwa na sentensi hiyo. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba bibi alikuwa amenipa jibu kamili, na kwamba mimi nililihesabu kuwa ni ukimya.

Maana yake ni kwamba kwetu kumbukumbu ya mfu ilikuwa ni jina linaloitwa. Halikuitwa siku moja kwa mwaka, mbele ya hadhira iliyokaa kwenye viti. Liliitwa asubuhi, kwa kutumwa maji. Liliitwa kwa hasira, mbuzi walipoingia shambani. Liliitwa kwa mapenzi. Baba wa babu yangu alikuwa na jina, ambalo sitalitaja. Babu alikuwa na lake. Baba yangu akapewa la baba wa babu. Mimi la babu. Mwanangu wa kwanza la baba yangu. Majina mawili yanapokezana nyumba kama watu wawili wanaopokezana zamu ya kulinda shamba. Katika African Religions and Philosophy, kitabu cha mwaka 1969, John Mbiti, mwana wa Kitui ng'ambo ya mto Tana, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi za falsafa: aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na afapo wa mwisho aliyemjua, huzama katika Zamani. Nimelifundisha wazo hilo mara nyingi na ninaliheshimu. Hata hivyo, nikilipima kwa nyumba yetu naona haliingii vizuri. Hakuna aliye hai leo aliyemwona baba wa babu yangu. Kwa hesabu ya Mbiti amezama. Lakini kijana mwenye jina lake analala chumba cha pili, huchelewa kuamka, na mama yake humwita kwa sauti ya juu kila Jumamosi.

Sasa nirudi kwenye ukumbusho, ambao si jambo la kale, ingawa wanaoufanya husema ni mila. Atakayefika Kiritiri mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, mikau imesimama na vumbi lake na vilima vya Kiambere vinaonekana kwa mbali, hatakosa kuona mahali mahema meupe yamesimikwa kati ya shamba la muguka na boma. Mwaka umepita, au mitano, au kumi, na watoto wa marehemu wamechangishana. Wanawake wa vikundi hufika na sare za kitenge. Nyama huchemka tangu usiku. Kaburi limefunikwa kwa shuka. Mchungaji huomba, shuka huondolewa, vigae vinang'aa, watu hupiga vigelegele kama kwenye harusi. Baada ya chakula kwaya huchoka, na ndipo akina mama wazee huanzisha nyimbo zao wenyewe, zile za siku za mahari, na kucheza hadi jua linapoinama. Sina ugomvi na furaha hiyo. Watu waliofundishwa kuikimbia maiti, kisha wakaamriwa kuizika, wamejitengenezea njia ya kukaa karibu nayo bila hofu. Hilo si dogo. Waganda wana okwabya olumbe, ambayo kwa neno kwa neno ni kukipasua kifo, na siku hiyo mrithi huonyeshwa kwa watu. Watu wa pwani huanua tanga. Wambeere nao wamelipata lao, wakalishona kwa vitambaa vya kanisa na vya harambee.

Kiini cha siku hiyo, kwa mtazamo wa mhakiki, ni kijitabu. Nashangaa kwamba sisi tunaojiita wahakiki hatujakitazama, ilhali kwa wengi wa wenzetu vijijini wasifu wa marehemu ndiyo nathari pekee watakayowahi kuitunga, kuisahihisha kwa pamoja na kuiona imechapwa. Una kanuni kali kuliko za utenzi. Huanza na kuzaliwa, hata kama mwaka haujulikani. Hupitia shule, ubatizo, ndoa, kazi na maradhi. Marehemu hana hila wala deni, hajawahi kumpiga mtu. Halafu huja orodha: ameacha mke au wake, wana, wajukuu, vitukuu. Hapo ndipo penye moto. Nimewahi kuona kamati ikikesha hadi alfajiri kwa ajili ya neno "wake" badala ya "mke", kwa maana kila aliyekaa pale alijua kwamba herufi moja inamwingiza au inamtoa mtu shambani. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba fasihi haina nguvu mahakamani. Hii inayo.

Baba mdogo alirudi baada ya wiki mbili kuchukua kazi yake. Nilimwambia sijaandika, nikamweleza sababu. Hakushangaa. Alifungua ile bahasha ya kaki, akatoa nakala ya ramani na barua kadhaa, akanionyesha kwa kucha kipande kilicho karibu na korongo ambacho ukoo mwingine unakidai. Wao wanayo makaburi mawili pale, alisema, ya miaka ya sitini. Sisi hatuna hata moja.

Historia ya jambo hilo imeandikwa. Sheria ya Ugawaji Ardhi ilipitishwa mwaka 1968, na kazi ilipoanza Mbeere, koo ambazo zilikuwa zimelima na kuhama, kulima na kuhama, zilitakiwa zithibitishe zilikotoka. Mwanaanthropolojia Jack Glazier, aliyekuwa huko wakati huo, alichapisha mwaka 1984 katika jarida la Man makala kuhusu Wambeere na wahenga wao. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kifo kilichokuwa cha porini kilifugwa, kikaletwa bomani, na kaburi likawa ushahidi: hapa amelala wetu, kwa hiyo hapa ni petu. Nchi nzima iliona nguvu ya hoja hiyo katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 baada ya mjane wake na ukoo wake kushindana mahakamani juu ya mahali atakapolazwa. Lakini Otieno alikuwa na mwili. Baba mdogo alitaka nimpatie kaburi mtu ambaye fisi walimmaliza yapata miaka mia moja iliyopita.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno ya upole zaidi. Alinijibu kwa upole pia, na jibu lake sijapata kulishinda. Yeye ni mtoto wa babu yangu. Mimi nina jina la baba yake. Kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita baba.

"Baba," alisema, "mzee yule ni baba yako wewe. Ni nani ajuaye alikomweka kama si wewe mwanawe?"

Ilikuwa ni bibi aliyerudi, na mbona-uko-hapa yake, ila safari hii utani umevaa viatu vya mpima ardhi. Kama nakubali kwamba mimi ni babu pale ninapopewa maziwa, nitakataaje pale ninapoulizwa ushahidi?

Usiku ule nilijaribu kujitafutia njia ya kati, nami niliipata pwani. Wamijikenda, hasa Wagiriama, humsimikia mzee wa chama cha gohu kigango, nguzo ya mti iliyochongwa, na kigango hakikai lazima juu ya mwili. Husimikwa nyumbani, mara nyingi baada ya mzee kumjia mtu ndotoni na kudai pake. Hakisemi kwamba mifupa iko hapa. Kinasema kwamba mzee ana mahali pa kuketi tunapozungumza naye. Heshima yake si pungufu kwa hilo: vilipoibwa kwa mamia na kuuzwa ng'ambo, wenyewe walivililia kama watu, na mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilitangaza kwamba litavirudisha 30 lilivyokuwa navyo. Basi, nikajiambia, vigae na msalaba vinaweza kuwa kigango chetu. Ukumbusho bila maiti si uongo. Uongo ungekuwa neno moja tu katika wasifu: "hapa".

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Niliandika kwamba mzee alifuga, alilima wimbi na mtama, alivuka Tana kubadilishana chakula mwaka wa njaa, kama baba alivyonisimulia. Niliandika kwamba alipozidiwa alitolewa nje kwa heshima ya nyumba yake, na kwamba pori lililompokea hatulijui. Na kwamba jiwe hili tumelisimika ili tupate pa kusimamia tunapomtaja. Sikuwahi kuandika nathari niliyoiamini zaidi.

Kijitabu kilitoka siku moja kabla ya sherehe. Karatasi ilikuwa nzuri, na picha ya baba yangu ilikuwa mbele kwa sababu ya mzee mwenyewe hakuna. Aya ya pori haikuwamo. Mahali pake palikuwa na sentensi moja, fupi, sahihi kwa sarufi, ikisema kwamba alizikwa hapa kando ya korongo na wanawe. Sikumuuliza mtu. Kamati husahihisha, ndiyo kazi yake.

Siku yenyewe nilipewa kipaza sauti baada ya kwaya ya pili. Watu walikuwa wengi, wa ukoo ule mwingine pia, wamekaa hema la pembeni na kula nasi. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma wimbi na mtama, nikasoma Tana. Nilipofika kwenye ile sentensi niliiona mapema, kama mtu anavyoliona shimo njiani. Niliacha kusoma, nikaita jina la mzee mara mbili, kwa sauti. Mwanangu, aliyekuwa nyuma akiwagawia wageni soda, aliitika "naam" bila kujua anaitiwa nini. Pakawa kimya kidogo, kisha mama mmoja mzee akacheka na kupiga vigelegele, wakafuata wengine, na yeye akaja mbele akiwa bado na kreti mkononi. Mchungaji aliona ni wakati mwafaka wa kuomba. Sentensi haikusomwa.

Baba mdogo hakunilaumu. Jioni alinishika mkono, akaniita baba, akanikatia nyama ya mbavu kwa mkono wake. Nakala moja ya kijitabu ameiweka katika ile bahasha ya kaki, pamoja na ramani na zile barua. Chini ya wasifu limechapwa jina la mwandishi, langu na la baba yangu kwa mpangilio ule tunaoutumia, fulani wa fulani. Ni jina langu kamili, na herufi kwa herufi ndilo jina kamili la babu, mwana wa yule mzee.